Meli ya Sahihi Mbili

Mimi si mtu wa mashetani. Niliwaambia hivyo walinzi wangu siku ya kwanza nilipoajiriwa kusimamia chumba cha mawasiliano katika kiwanda kimoja cha nguo huku Athi River, waliponieleza kwa nini hakuna anayependa zamu ya geti la nyuma. Niliwacheka. Niliwaambia mtu anayelipwa kulinda suruali za kwenda ng'ambo hana haki ya kuogopa kitu kisichoweza kubeba katoni. Nao wakacheka, kwa adabu, vile watu wanavyomchekea bosi mgeni.

Kazi yangu ni kukaa. Nina chumba kidogo kama jiko la nyumba ya kupanga, redio moja ya mezani, na walinzi kumi na mmoja wanaoniita kutoka kila pembe. Naiweza, kwa sababu nusu ya maisha yangu niliyapitisha katika chumba kibaya zaidi, chumba cha redio cha meli ya vita. Watu wa kwetu Masii hawakuamini niliposema naenda kufanya kazi baharini. Maji tunayoyajua sisi ni ya mtungi, na hayo yenyewe tunayahesabu.

Asubuhi moja ya Januari, zamu zikibadilishana, upepo ulileta vumbi la saruji mpaka jua likawa jeupe na wafanyakazi waliokuwa wakiingia wakaonekana miguu tu. Saa ya ukutani ilisoma saa moja na dakika kumi. Redio ikakwaruza, na sauti ya kijana, isiyo na haraka yoyote, ikasema:

"Kituo, kituo. Tuko wanne. Tuko tayari kuchukuliwa. Mnanipata? Ova."

Mkono wangu ulishika kalamu kabla akili haijafika. Niliandika saa, niliandika maneno, kisha nikaangalia nilichoandika. Niliwaita walinzi mmoja mmoja. Wote kumi na mmoja waliitika. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na hakuna aliyesikia chochote.

Fundi wa redio alikuja siku iliyofuata, akafungua, akafunga, akasema ni malori ya barabara kuu yanaingiliana na laini yetu. Nilimshukuru kama mtu aliyepewa uongo mzuri. Lakini sauti ilirudi siku ya Jumatano, ikarudi Ijumaa, saa ile ile, maneno yale yale, na lafudhi ya kwetu ndani yake. Niliijua sauti hiyo. Nilikuwa nimeikimbia miaka tisa.

Tulikuwa vitani, mbali kaskazini. Sitaitaja vita wala meli. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatapungukiwa na kitu. Vita yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ni kusubiri. Tulizunguka mbele ya pwani ya watu wengine, tukinusa moshi wa majiko yao, na adui tulimwona mara mbili tu. Vita tuliyoiona kila siku, asubuhi, mchana na jioni, ilikuwa ya nahodha na msaidizi wake.

Ilianza kabla sijapangiwa meli ile. Wengine walisema chanzo ni cheo: msaidizi ndiye aliyeitarajia ile meli, akapewa nahodha, aliyemfuata nyuma kwa kuandikwa jeshini lakini mwenye marafiki wazuri makao makuu. Wengine walisema ni masomo ya ng'ambo, mmoja alienda na mwingine jina lake likafutwa dakika ya mwisho. Mimi nadhani kufikia wakati huo hata wao walikuwa wamesahau, imebaki tabia tu. Tulichokiona sisi ni kwamba hawakuzungumza. Miezi minane, wanaume wawili ndani ya meli unayoweza kuimaliza kwa hatua mia, na hakuna neno lililotoka kwa mmoja likamfikia mwingine.

Nahodha akitaka meli igeuke, aliandika kijikaratasi. Mhudumu wa meza ya maofisa akakichukua, akatembea hatua nne, akampa msaidizi. Msaidizi akasoma, akaandika chini yake "Nimeona," kikarudi hatua nne. Mezani walikaa pamoja kwa sababu desturi ya maofisa iliwalazimisha, lakini nahodha akitaka chumvi alimwomba mhudumu aliyesimama mlangoni, na chumvi yenyewe iko karibu na kiwiko cha msaidizi. Tuliwacheka mpaka machozi. Wahenga walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini nadhani wahenga walitegemea hao manahodha angalau wagombane kwa sauti.

Kisha kila mmoja akatunga sheria yake. Msaidizi aliagiza kwamba ujumbe wowote wa redio usifike kwa nahodha kabla yeye hajausoma na kuutia sahihi, na mimi nisimjibu mtu yeyote mpaka sahihi hiyo iwepo. Nahodha akalipiza: hakuna mashua itakayoshushwa majini bila sahihi yake mwenyewe. Ukizitazama moja moja, zilikuwa sheria za busara. Ukiziweka pamoja, zilisema hivi: ili mtu aokolewe, lazima wakubaliane watu wawili wasiosemezana. Nililiona hilo siku ya kwanza. Nilikuwa katikati yao, ningekosaje kuliona? Sikusema. Nilijiambia kazi yangu ni kusikia.

Kinachonitisha hadi leo ni jinsi tulivyozoea. Mabaharia waligawanyika, watu wa nahodha huku, watu wa msaidizi kule, hata wapishi. Mimi sikuwa wa upande wowote, jambo ambalo waoga wote hujisifia.

Katika meli nzima Wakamba tulikuwa wawili tu, mimi na kijana mmoja wa Kivaa aliyekuwa akiongoza vikosi vidogo vya kwenda ufuoni. Alijifunza kuogelea kwenye bwawa la Masinga, mama yake akimkataza kwa sababu ya mamba, na nadhani ndiyo sababu bahari haikumtisha. Alikuwa akija mlangoni pangu tuongee Kikamba kidogo, tusije tukakisahau. "Nyinyi watu wa Masii," aliniambia, "mnaogopa hata beseni." Nilimpenda. Hilo nalisema wazi kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaweza kumfanya msomaji afikiri sikumpenda.

Asubuhi ninayoikumbuka alikuwa ufuoni na wenzake watatu tangu jana yake, wakipeleleza njia moja ya magari. Kazi hiyo ilikuwa wazo la nahodha, na ikifaulu, kila mtu alijua jina la nani lingepanda. Saa moja na dakika kumi kijana akaita. Wako wanne, wamemaliza, wako tayari kuchukuliwa. Niliandika, nikampelekea msaidizi. Alikuwa anakunywa chai. Alisoma, akaukunja ule ujumbe mara mbili, akautia mfuko wa shati.

"Ngoja," akasema.

Nilirudi kwenye chumba changu. Kijana akaita tena. Nikarudi kwa msaidizi, akaniambia, "Najua kusoma, nenda." Dakika ishirini na tano ule ujumbe ulikaa mfukoni mwake. Hakutaka mtu afe. Nimelifikiria sana hilo na nina hakika. Alitaka tu kazi ya nahodha ichelewe kidogo, ionekane ovyo kidogo, basi. Mwishowe akatia sahihi, mhudumu akatembea hatua zake nne, na nahodha, badala ya kutia yake na kushusha mashua, akatazama nyakati mbili zilizoandikwa pale, wa kupokelewa na wa sahihi. Akachukua kijikaratasi. "Kwa nini imechelewa? Eleza kwa maandishi." Msaidizi akaeleza kwa maandishi. Nahodha akaandika kwamba maelezo hayatoshi.

Wakati huo wote mimi nilikuwa nimekaa, spika masikioni. Ilipofika dakika ya thelathini na nane, sauti ikakatika. Mashua ikashushwa dakika ya arobaini.

Ilirudi na watu watatu. Walieleza walichokiona: walikuwa wamejificha kwenye mikoko, redio haikushika vizuri, kiongozi wao akapanda kilima cha mchanga ili meli imsikie, akakaa huko, mbali na masikio yao. Baadaye wakasikia bunduki. Hakurudi. Hapakupatikana mwili, wala redio, wala kiatu.

Siku tatu baadaye tulipata habari kwamba anakuja ofisa kutoka makao makuu kuchunguza. Alasiri hiyo niliitwa kwenye chumba cha nahodha. Nilifungua mlango nikawakuta wawili wamekaa meza moja, birika moja la chai katikati yao. Nimeona maiti, nimeona meli ikiungua, lakini sijaona kitu kilichonitisha kama wanaume wale wawili wakimiminiana chai.

Kitabu cha mawasiliano kina kurasa zenye nambari, ukichana moja pengo linaonekana. Kwa hiyo walikuwa na kitabu kipya, kitupu, na kazi yangu ilikuwa kunakili siku kumi na nane tangu mwezi uanze. Msaidizi alikuwa amekusanya kalamu za kila aina, nyeusi, za buluu, moja iliyokuwa inaisha wino, ili siku zisifanane. Nahodha alinisomea kutoka kitabu cha zamani, taratibu, kama mwalimu anayetoa imla. Nilipochoka vidole, msaidizi alimwambia, "Polepole, mpe nafasi." Nahodha akajibu, "Ndiyo, kweli." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kusikia kati yao, miezi minane.

Tulipofika asubuhi ile, nahodha alinyamaza kidogo. Akafungua ukurasa unaofuata, akaendelea na ujumbe wa adhuhuri kuhusu maji ya kunywa. Hakuna aliyenitazama. Niliandika kuhusu maji ya kunywa, kwa kalamu ya buluu. Kitabu cha zamani kilifungwa chuma kikatupwa baharini. Ripoti ikasema kiongozi wa kikosi aliondoka mahali pake bila amri, hakuwasiliana na meli, hajulikani aliko. Kila neno liliegemea kitu ambacho wale watatu walikiona kwa macho yao. Ndiyo maana lilisimama.

Basi, Jumatatu baada ya ile wiki ya sauti, mlinzi wa geti kubwa akaniita redioni kwamba kuna mama ananitafuta. Nilitoka. Nilimkuta amesimama kwenye vumbi, mama mzee, mwembamba, leso kichwani na kiatu cha kanisani. Alikuwa amepata jina langu kwa mmoja wa wale watatu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kijana alikuwa ameuchukua uso wake mzima mzima.

"Habari yako, mwanangu."

"Mzuri, mwaitu. Karibu," nikamjibu, kwa neno tunalowaita mama zetu.

Tulikaa kwenye kibanda cha chai mkabala na geti. Hakugusa chai.

"Mimi natoka Kivaa. Niliambiwa wewe ndio ulikuwa unakaa kwa redio." Akaendelea. "Niko na kijana mwingine, huyo mdogo. Bibi yake atajifungua wiki hii ama ile ingine. Walimpima wakasema ni kijana. Mimi nataka huyo mtoto aitwe jina ya huyu wangu alipotea. Wazee wa mbai wamekataa. Wanasema karatasi ya serikali iliandika aliacha wenzake akaenda. Jina ya mtu alitoroka haiitiwi mtoto."

Nilielewa uzito wake, maana mbai ni ukoo, na ukoo ukikataa umekataa. Na kwetu, kwa wale wanaoshika ya zamani, mtoto hupewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake humvika mkufu mdogo shingoni. Kabla ya hapo bado si mtu wetu. Huitwa kiimu, kitu cha mizimu, na waliomleta wanaweza kumchukua tena. Siku hizi wengi huandikisha jina hospitalini na mambo yakaisha. Mama huyu aliimba kwaya kila Jumapili, lakini kwa hili hakuwa na mchezo. Jina jingine halikuwepo kinywani mwake. Mtoto angekuja, na siku ya tatu ama angeitwa, ama angekaa hivyo, bila jina, na hakuna mtu aliyetaka kusema mtoto wa namna hiyo ni nani.

"Wewe ulikuwa huko," akasema. "Sema ukweli. Alitoroka?"

"Mwaitu, mimi nilikuwa ndani ya chumba. Sikuona ufuo."

"Sijakuuliza kama uliona."

Alifungua mkoba wake, akanipa nambari ya simu ya mwanawe mdogo, akasema mtoto akizaliwa nitaambiwa. Kisha akaondoka, na chai yake ikabaki pale ikiota utando.

Niliona aibu, na aibu yangu siku zote huja ikiwa imevaa hasira. Niliingia ndani nikampigia msaidizi. Amestaafu, ana shamba zuri la maembe upande wa Yatta, na alinipokea kwa furaha kama jamaa. Nilimwambia mama wa kijana amekuja.

"Hiyo ilikuwa vita, bwana," akasema. "Vita iko na mambo yake."

"Afande, ilikuwa mfuko wa shati lako."

"Na mwandiko ni wa nani?" aliuliza, bila ukali wowote. "Sisi watatu tuko ndani ya hiyo kitabu. Ukivuta mmoja umevuta wote. Hata huyu mzee mwenzangu ungemuua na presha." Mzee mwenzake ni nahodha. Nilipata habari hapo kwamba wao sasa ni wakwe: binti wa mmoja ameolewa na kijana wa mwingine, na wana mjukuu. Alinialika nyama choma Krismasi.

Kesho yake asubuhi sauti haikuja saa moja na dakika kumi. Nilikaa nikiisubiri, kalamu mkononi. Ilikuja saa moja na dakika thelathini, na haikusema tuko tayari. Ilisema tu, "Mnanipata? Mnanipata?" Mlinzi wangu wa geti la nyuma, mtu mzima mwenye wajukuu, aliingia chumbani bila kubisha. Akaniuliza ni nani huyo anayeita, na kwa nini simjibu.

Hapo ndipo nilipojua si kichwa changu. Sikufarijika hata kidogo.

Simu ilipigwa Alhamisi. Mtoto amezaliwa, kijana, salama. Jumamosi, siku ya tatu, nilikuwa Kivaa.

Boma lao liko juu kidogo, ukisimama mlangoni unaona maji ya bwawa kwa mbali, yamelala. Mahindi yalikuwa yamekauka kabla ya kubeba. Nilitegemea kelele, kwa kuwa nyumba yenye mtoto mchanga haikosi kelele, lakini watu waliongea kwa sauti za chini. Wanawake watano sita walikuwa ndani na mama mzazi. Wazee watatu wa ukoo walikaa nje kwenye viti vya plastiki, mmoja wao ndugu wa baba wa marehemu, na yeye ndiye aliyekuwa na kauli. Huyo baba wa marehemu mwenyewe sikumwona. Nilidhani anapumzika.

Nilionyeshwa mtoto. Nimeona watoto wachanga, nina wangu wanne, na wote walikuwa na sura ya viazi. Huyu alikuwa macho. Alikuwa ametulia mikononi mwa bibi yake, yule mama aliyenijia kiwandani, akitazama mahali fulani nyuma ya bega langu. Msichana mmoja alininong'oneza kwamba alilia mara moja tu, alipotoka, na tangu hapo hajalia. Hakuna aliyemwita "mtoto", wala "mgeni", wala jina la utani. Walipompitisha kutoka mkono kwenda mkono walisema tu, "Shika." Nilitamani kurudi Athi River.

Yule mzee wa kauli akaniuliza nimekuja na neno gani. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, yenye maofisa na siasa zao, vyeo na makao makuu, na jinsi mtu mdogo anavyosagwa katikati. Fahali wawili na nyasi. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilipofungua mdomo ikapotea.

"Hakutoroka," nikasema. "Alipanda kilima ili tumsikie. Aliita. Mimi nilimsikia. Nilimpelekea ofisa ujumbe, akaukalia kwa sababu alikuwa na chuki na nahodha. Nahodha naye akaukalia kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye wakaniambia niandike kitabu kingine kisicho na ile asubuhi. Nikakiandika. Ile karatasi yenu ilitoka kwenye mwandiko wangu."

Ng'ombe mmoja alikuwa akijikuna kwenye mti. Mzee aliniambia niseme tena, nikasema tena. Aliuliza kama naweza kulisema mbele ya mtu wa serikali. Nikasema naweza, na nikashangaa kwamba ni kweli. Wazee wakainama pamoja, wakaongea kidogo, na haikuchukua muda. Yule wa kauli akasimama akamwambia bibi wa mtoto kwa Kikamba, "Basi mwite."

Lakini bibi hakumwita. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, akinitazama.

"Aliita kwa muda gani?"

"Dakika thelathini na nane, mwaitu."

"Akisema nini?"

"Mwanzo alisema wako tayari. Halafu alikuwa anauliza kama tunampata. Mwishoni aliacha kuongea kama askari. Aliniita mimi. Kwa Kikamba. Alijua ni mimi niko zamu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nilitaka kueleza sheria ya sahihi, kwamba kujibu bila ruhusa lilikuwa kosa, kwamba ningefungwa. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Dakika thelathini na nane kidole kilikuwa juu ya kitufe, na kilichohitajika ni kukibonyeza na kusema neno moja tu, nakusikia. Lisingeshusha mashua. Angelijua tu kwamba kuna mtu.

"Sikumjibu," nikasema.

Hakulia. Aliingia ndani, na muda si muda nikamsikia akilitamka jina sikioni mwa mtoto, mara ya kwanza taratibu, ya pili kwa nguvu. Jina lenyewe sina haki ya kuliandika hapa. Mtoto akapiga ukelele mkubwa, wa hasira, wa mtu aliyeamshwa, na wanawake wote wakacheka na kulia kwa pamoja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Waliniletea isyo na mboga, yale mahindi na maharagwe yetu, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi.

Jua lilipoanza kupungua bibi alinisindikiza hadi kwenye ua wa minyaa. Nilimuuliza mzee wake yuko wapi, ningependa kumwamkia kabla sijaondoka.

"Tulimzika mwaka jana," akasema. "Alipoletewa ile karatasi alisema hiyo jina isitajwe hapa kwake tena. Mimi nilikuwa namtaja nikienda shamba, nikiwa peke yangu. Hata akiwa karibu kufa, padri alimwomba asamehe huyo mtoto wake. Akakataa. Alikufa akiwa amekataa."

Nikasema pole.

"Umetusaidia," akasema. "Mtoto yuko na jina. Asante." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyomshika mtu wa kwao. "Sasa enda, mwanangu. Na usirudi tena hapa."

"Sawa, mwaitu," nikasema, nikafungua geti, nikatoka.